Protini za mota za bakteria: kipande kipi, na fuwele ikuzwe kwa njia ipi

Mtu anayetaka kuona umbo la protini za mota za bakteria kwa kupitisha eksirei kwenye fuwele zake huwa na maamuzi mawili mbele yake. Kwanza aamue fuwele itakuwa ya nini: protini nzima, kipande chake, au protini kadhaa zilizoshikana. Pili aamue fuwele hiyo ataikuza vipi: katika tone linaloning'inia, katika tone lililokaa, chini ya mafuta, au ndani ya lipidi. Wengi hujishughulisha zaidi na uamuzi wa pili, kwa kuwa ndio unaohusu trei, roboti na seti za kemikali zinazouzwa zikiwa tayari. Kwa maoni yangu uamuzi wa kwanza ndio wenye uzito, na kazi zilizofanywa juu ya mota ya flajela, yaani uzi mrefu ambao bakteria huuzungusha ili aogelee, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 zinaonyesha hivyo waziwazi. Ndiyo maana ulinganisho huu unaanza na kipande kabla ya kufika kwenye tone.

Mwaka 1973 Howard Berg na Robert Anderson walieleza kwamba bakteria huogelea kwa kuzungusha flajela zao, na leo inajulikana kwamba kwenye shina la kila flajela kuna mashine yenye kipenyo cha takriban nanomita 45. Sehemu inayozunguka, yaani rota, ina pete ya FliF iliyozama kwenye utando wa ndani wa seli, na chini yake, upande wa saitoplazimu, ina pete nyingine iliyojengwa kwa FliG, FliM na FliN. Sehemu inayoisukuma rota hiyo, yaani stata, ni MotA na MotB, ambazo hupitisha ioni za hidrojeni. Katika bakteria wa jenasi Vibrio kazi hiyo hufanywa na PomA na PomB kwa ioni za sodiamu.

Protini hizi humsumbua mkuza fuwele kwa sababu tatu. Zinanyumbuka, kwa kuwa kazi yake ni kubadili umbo. Zinapenda kushikana zenyewe kwa zenyewe ziwe pete au nyuzi, jambo linalofaa ndani ya seli lakini linaloharibu kila kitu ndani ya mrija wa maabara. Tena baadhi yake zimezama kwenye utando na haziyeyuki majini bila msaada. Fuwele inadai kinyume cha hayo yote: molekuli zinazofanana, zilizokaa katika umbo moja, zinazogusana kwa mpangilio uleule upande wa juu, wa pembeni na wa mbele.

Protini nzima au kipande

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa flajelini, protini inayojenga uzi wa flajela. Flajelini nzima ikikolezwa hujipanga kuwa nyuzi, na nyuzi hazifanyi fuwele. Kundi la Keiichi Namba na Fadel Samatey lilitumia kipande cha flajelini ya Salmonella kilichopunguzwa ncha zote mbili, takriban asidi amino 50 kila upande, kwa sababu ncha hizo ndizo zinazoshikanisha molekuli moja na nyingine. Kipande kilichobaki, chenye uzito wa kilodaltoni 41 (daltoni moja ni takriban uzito wa atomu moja ya hidrojeni), kilitoa fuwele, na mwaka 2001 umbo lake lilichapishwa kwa ubainifu wa angstromu 2, yaani nanomita 0.2. Hasara yake inaonekana papo hapo: sehemu iliyokatwa ndiyo inayoeleza uzi unavyojengwa, nayo ilisubiri hadi mwaka 2003, pale uzi mzima ulipochunguzwa kwa hadubini ya elektroni ya baridi kali.

FliG ilipita njia kama hiyo, ila kwa hatua nyingi zaidi. Mwaka 1999 lilichapishwa umbo la kipande cha mwisho wake tu, kile kinachogusana na stata, kutoka kwa bakteria Thermotoga maritima. Mwaka 2002 kipande kiliongezwa kikachukua na sehemu ya katikati. FliG nzima, safari hii kutoka kwa Aquifex aeolicus, ilifuata mwaka 2010. Anayepanga kazi yake leo atazame jinsi kila hatua ilivyokuwa na faida yake: kipande cha mwaka 1999 kilitosha kuonyesha zile asidi amino zenye chaji ambazo majaribio ya jeni yalikuwa yameshazitaja kuwa muhimu kwa mzunguko, na hakikuhitaji kungoja protini nzima. Hata hivyo maumbo hayo hayakukubaliana juu ya jinsi sehemu za FliG zinavyopangana, kwa kuwa misokoto inayoziunganisha hunyumbuka, na ndani ya kila fuwele ilikuwa imeshikwa katika pozi tofauti. Kulikuwa na mjadala wa muda mrefu kuhusu sehemu mbili zinazolaliana, kama ni za molekuli moja au za molekuli mbili jirani. Fuwele huonyesha mgusano, lakini haisemi kama mgusano huo ni wa seli au ni wa fuwele yenyewe. Jambo hili napenda kulisisitiza kwa anayeanza, kwa sababu picha yenye ubainifu mzuri humfanya mtu aiamini kupita mpaka wake.

Kwa hiyo kipande kina faida ya kupatikana, na protini nzima ina faida ya kujibu swali pana. Ningechagua kipande pale swali linapohusu uso mmoja, kwa mfano mahali protini mbili zinapogusana au mahali dawa inapoweza kukaa, na pale ambapo kipande hicho kina kazi yake inayojitegemea. Sehemu ya mwisho ya MotB ni mfano mzuri. Hiyo ndiyo inayoifunga stata kwenye ukuta wa seli, imekaa nje ya utando, inayeyuka majini, na umbo lake kutoka kwa Helicobacter pylori lilichapishwa mwaka 2008, miaka 12 kabla ya stata nzima kuonekana.

Mahali pa kukata hapaamuliwi kwa kubahatisha. Njia ya zamani, ambayo bado naiamini, ni kuiacha protini safi pamoja na tripsini, kimeng'enya kinachokata protini, kidogo sana kwa muda mfupi, kisha kutazama kwenye jeli ni vipande gani vinabaki vizima: kimeng'enya hukata kwanza pale panapolegea, na kinachosalia ndicho kilichojikunja imara. Njia mpya ni kutazama ubashiri wa AlphaFold, programu ya kompyuta inayobashiri umbo la protini, uliopatikana kwa wote mwaka 2021, na kukata mahali ambapo uhakika wa ubashiri unashuka. Ya pili ni ya haraka na haigharimu protini, lakini haijui kama kipande chako kitashikana na kingine ndani ya mrija. Zikikubaliana, endelea, zisipokubaliana, fuata tripsini. Andaa pia vipande vitatu au vinne vinavyotofautiana kwa asidi amino chache kila ncha, badala ya kuweka matumaini yote kwenye kimoja, kwa sababu ncha ndefu kidogo tu iliyolegea inaweza kuzuia fuwele isitokee kabisa.

Pia kuna mota ambayo haikuhitaji kukatwa ili itoke kwenye utando. Pete ya c, sehemu inayozunguka ya ATP sinthesi (kimeng'enya kinachotengeneza ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli) ya bakteria Ilyobacter tartaricus, yenye vijenzi 11 vinavyofanana, iko ndani ya utando kabisa, lakini mwaka 2005 umbo lake lilipatikana kwa fuwele. Siri yake ni ugumu wa pete yenyewe: imeshikana kiasi kwamba hata sabuni kali haiivunji, na vijenzi vyake vyote vimekaa namna moja. Kuwa kwenye utando kunaleta shida, lakini kulegea kunaleta shida kubwa zaidi.

Bakteria wa kawaida au wa maji moto

Msomaji atakuwa ameona kwamba majina Thermotoga na Aquifex yanajirudia. Hao ni viumbe wa maji ya moto, wa kwanza akistawi kwenye nyuzi 80 hivi za Selsiasi na wa pili akifika 95. Protini zao zinapoletwa kwenye joto la maabara huwa zimetulia, hazijikunjui ovyo, na huvumilia hatua ya usafishaji ambayo ni rahisi ajabu: chembe za E. coli zilizotengeneza protini hiyo hupasuliwa, mchanganyiko hupashwa moto hadi nyuzi 70 au 80, protini nyingi za E. coli huganda na kuzama, na ya kwako hubaki juu. Protini ya Salmonella au ya E. coli yenyewe haina anasa hiyo.

Lakini maarifa mengi kuhusu mota yametokana na E. coli na Salmonella. Huko ndiko kuna mabadiliko ya jeni yanayozuia mzunguko, yanayoifunga mota upande mmoja, yanayopunguza nguvu. Mtu mwenye umbo la protini ya Thermotoga hulazimika kuhamisha kila badiliko kwa kulinganisha mfuatano wa asidi amino, na pale mfuatano unapotofautiana hoja yake hudhoofika. Ningechagua wa maji moto kama swali ni la ujenzi: vipande vimekaaje, pete imeungwaje. Kama swali ni kwa nini badiliko fulani huifanya mota izunguke kulia tu, ningevumilia shida ya Salmonella, au ningepima badiliko hilohilo kwanza katika bakteria ambaye protini yake ndiyo nitakayoikuza.

Matone matatu

Njia inayotumika zaidi ni msambao wa mvuke, na ina sura mbili. Katika zote mbili, protini yenye ukolevu wa miligramu 5 hadi 20 kwa mililita huchanganywa na kiasi sawa cha mmumunyo wenye presipitanti, yaani chumvi au polima inayoilazimisha protini iachane na maji, kama vile salfeti ya amonia au polietilini glikoli. Tone hilo hufungiwa pamoja na kisima chenye mmumunyo uleule usiochanganywa. Kwa kuwa presipitanti ndani ya tone imepungua nusu, maji hutoka kwenye tone kama mvuke kuelekea kisimani, polepole, na ukolevu wa protini pamoja na presipitanti hupanda hadi karibu mara mbili. Uzuri wa njia hii ni kwamba tone moja husafiri kupitia hali nyingi badala ya kukaa katika hali moja.

Katika tone linaloning'inia, tone huwekwa kwenye kioo chembamba kisha kioo hugeuzwa na kufunika kisima, na ukingo huzibwa kwa grisi. Katika tone lililokaa, tone hukaa kwenye kijukwaa kilicho juu ya mmumunyo, na trei nzima hufunikwa kwa utepe mmoja wa plastiki unaopitisha mwanga. Tofauti inaonekana ndogo lakini kwa protini hizi ina maana. Tone linaloning'inia ni rahisi kuvunia: unageuza kioo kimoja, unaona fuwele vizuri, na mara nyingi haijashika chini. Tone lililokaa linafaa roboti, nalo linaweza kuwa la nanolita 100 za protini. Hesabu yake ni hii: masharti 96, yaani michanganyiko 96 tofauti ya kemikali, kwa nanolita 100 hutumia mikrolita 9.6, yaani takriban miligramu 0.1 ikiwa ukolevu ni miligramu 10 kwa mililita. Kwa mkono, masharti 24 tu kwa mikrolita 1 hutumia zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho. Kwa protini ya rota inayotoka kidogo katika kila lita ya ukuzaji, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utajaribu masharti 100 au 600. Aidha, protini iliyo ndani ya ditajenti, yaani sabuni inayoiyeyusha protini ya utando, hulegeza uso wa tone, na tone linaloning'inia huanza kutambaa kwenye kioo. Hapo lililokaa ndilo linalostahili.

Kwa hiyo mapema, wakati wa kutafuta, ningetumia tone lililokaa. Baadaye, wakati wa kuboresha sharti moja lililoonyesha dalili na kutafuta fuwele kubwa, ningehamia kwenye linaloning'inia la mikrolita 1 au 2. Nikihama ningetarajia sharti lihitaji kurekebishwa, kwa sababu tone kubwa hupoteza maji polepole zaidi kuliko dogo, na fuwele huiona tofauti hiyo.

Njia ya tatu ni tone chini ya mafuta, iliyoletwa mwaka 1990 na kundi la Naomi Chayen na David Blow. Hapa protini na presipitanti huchanganywa moja kwa moja katika ukolevu wa mwisho na kufunikwa na mafuta ya parafini. Tone halisafiri, linakaa pale ulipoliweka. Ukichagua pale palipokolea mno unapata mashapo, na ukichagua palipopungua hupati kitu. Mafuta ya silikoni yakichanganywa na ya parafini kwa kiasi sawa huruhusu maji kutoka taratibu, na hapo njia hii huanza kufanana na msambao wa mvuke, ingawa tone huendelea kukauka badala ya kusimama. Faida yake kubwa kwa protini za mota ni kwamba mafuta huikinga protini dhidi ya hewa, na protini inayoharibika pale tone linapokutana na hewa hupata nafuu. Haifai pale presipitanti ni kimiminika kinachoyeyuka kwenye mafuta, mfano alkoholi nyingi. Kwa mtu mwenye nafasi ya kuchagua njia moja tu ya kuanzia, singeiweka hii mbele. Ningeiita wakati tone lililokaa linatoa fuwele nyingi mno na ndogo mno, kwa kuwa chini ya mafuta unaweza kudhibiti vizuri zaidi ni viini vingapi vinachipua.

Kulisoma tone

Kuna ujuzi mmoja ambao hautegemei njia, nao ni kujua tone linasema nini chini ya hadubini. Mashapo ya kahawia yaliyochakaa, yenye mabonge yasiyo na mwanga, kwa kawaida ni protini iliyoharibika. Mashapo meupe laini ambayo ukizungusha kichujio cha mwanga yanametameta nuktanukta ni habari nyingine kabisa: hizo huwa ni fuwele ndogo sana zisizoonekana moja moja. Vitone vidogo vya duara kama mafuta ndani ya tone vinaonyesha kwamba protini imejitenga bila kuharibika, na jirani ya sharti hilo mara nyingi pana fuwele. Ukikuta tayari fuwele nzuri yenye kingo kali, usifurahi kabla ya kuigusa kwa sindano. Fuwele ya protini, ambayo asilimia 30 hadi 70 yake ni maji, husagika kwa mguso mdogo kama jibini kavu. Ya chumvi hukinza, kisha hupasuka ghafla. Mwenye kutumia bafa ya fosfeti pamoja na magnesi au kalsiamu atakutana na hizi za chumvi mara nyingi, na protini za mota zinazofunga nyukleotidi (kama ATP na ADP) huhitaji magnesi, kwa hiyo ni vema fosfeti iondolewe mapema.

Idadi ya matone yenye mashapo nayo ina ujumbe. Katika seti ya kwanza, karibu nusu yakiwa na mashapo na nusu yakiwa safi, ukolevu wa protini uko sawa. Karibu yote yakiwa safi, protini ni nyepesi mno. Karibu yote yakiwa na mashapo dakika chache tu baada ya kuchanganya, ipunguze nusu kabla ya kupoteza trei nyingine.

Dalili zikipatikana, kupanda mbegu hulipa kuliko kubuni masharti mapya. Fuwele mbovu, hata zile zilizo kama sindano au nywele, husagwa kwenye mmumunyo wake na kuwekwa kwa kiasi kidogo ndani ya seti nzima ya masharti mengine. Kuchipua kwa kiini kunadai ukolevu mkubwa kuliko kukua. Mbegu zikiwepo, fuwele zinaweza kukua pale ambapo zenyewe zisingeanza, na huko ndiko mpangilio wake huwa bora. Kama hata mbegu hazisaidii, rudi kwenye protini: badilisha asidi amino chache za juu ya uso, laisini na glutameti, ziwe alanini iliyo fupi zaidi ili uso upunguze kuchezacheza, au chukua kipande kingine kati ya vile ulivyoandaa.

Ditajenti au lipidi

Kwa sehemu zilizo ndani ya utando kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni kuiacha protini imevikwa ditajenti na kuikuza kwenye tone la kawaida. Ditajenti kama dodesili maltosidi ni mpole na huihifadhi protini, lakini vazi lake ni nene, la makumi ya kilodaltoni, na linaficha sehemu ambazo zingegusana ili kujenga fuwele. Ditajenti za mnyororo mfupi zina vazi jembamba, fuwele zake hutawanya eksirei vizuri zaidi, ila protini nyingi haziwezi kuzivumilia. Pete ya c inazivumilia. FliF na MotA ni suala jingine. Kuna pia mtego ambao watu huujua wakiwa wamechelewa: unapokoleza protini kwa kichujio, vazi la ditajenti linaweza kukolezwa pamoja nayo, na sampuli mbili zenye miligramu zilezile za protini zikawa na ditajenti tofauti kabisa. Ndiyo maana sharti lililofaulu mara ya kwanza halirudii.

Njia ya pili ni lipidi ya kyubiki, yaani lipidi iliyojipanga kwa mpangilio wa mchemraba, iliyoletwa na Ehud Landau na Jürg Rosenbusch mwaka 1996. Sehemu 3 za monooleini, ambayo ndiyo lipidi yenyewe, kwa sehemu 2 za mmumunyo wa protini husukumwa huku na huko kati ya sirinji mbili zilizounganishwa kwa kiungio chembamba. Mwanzoni mchanganyiko ni mweupe kama maziwa. Baada ya kusukumwa vya kutosha hubadilika ukawa mgumu na wazi kama kioo, na hiyo ndiyo alama kwamba lipidi imejipanga. Protini sasa imekaa katika utando unaoendelea pande zote, karibu na mazingira yake ya asili, na fuwele hujengwa kwa kugusana ndani ya utando na nje yake pia. Kazi hii haifanywi kwenye chumba baridi, kwa sababu chini ya nyuzi 18 hivi monooleini yenyewe huanza kuganda.

Pamoja na sifa hizo, kwa stata ya flajela singeanza na lipidi. Mifereji ya maji iliyo ndani ya lipidi hiyo ni myembamba, ya nanomita chache tu, na MotA ina sehemu kubwa inayoning'inia upande wa saitoplazimu. Zipo kemikali za kuipanua mifereji, lakini ni kuongeza kigezo kingine juu ya kazi ambayo tayari ina vigezo vingi. Lipidi inafaa zaidi protini ambazo sehemu yake kubwa iko ndani ya utando na kidogo tu iko nje. Tena fuwele zake huwa ndogo, mara nyingi za makumi ya mikromita, na kuzitoa katikati ya vioo viwili kunahitaji mkono uliotulia pamoja na mwali mwembamba wa sinkrotroni, mashine kubwa inayotoa eksirei kali.

Hali ipi ya mota inakamatwa

Mota haina umbo moja, na fuwele moja haiwezi kuonyesha mzunguko. Kinachoweza kufanywa ni kuifunga protini katika hatua inayojulikana. PilT, mota inayotumia nguvu ya ATP kurudisha ndani nyuzi nyembamba za juu ya bakteria zinazoitwa pili (kwa Kiingereza type IV pili), ilionekana kwa fuwele kutoka kwa Aquifex aeolicus mwaka 2007 ikiwa pete ya vijenzi sita ambavyo havikukaa namna moja. Kwa mota za namna hii chaguo ni kati ya kuikuza bila nyukleotidi, pamoja na ADP, au pamoja na AMP-PNP, ambayo inafanana na ATP lakini haivunjwi kwa urahisi. Bila nyukleotidi protini hulegea na fuwele hukawia. Na ADP hutulia, lakini unaona hatua ya baada ya kazi tu. Ningeandaa zote tatu sambamba katika seti ya kwanza kabisa, kwa sababu huwezi kukisia ni ipi itakayotoa fuwele, na ukianza na moja utajikuta umeiboresha kwa muda mrefu ukiwa umeisahau nyingine.

CheY, protini inayoiambia mota ibadili upande wa mzunguko, inatoa funzo la karibu. Fosfeti inayoiwasha hudumu kwa muda mfupi mno kuliko muda wa fuwele kukua. Suluhisho lilikuwa kutumia beriliamu floridi, inayokaa mahali pa fosfeti bila kuondoka, na kwa njia hiyo CheY iliyowashwa ilionekana mwaka 2001 ikiwa imeshika kipande kifupi cha FliM.

Fuwele au hadubini ya elektroni

Swali hili haliwezi kuepukwa tena. Stata nzima ilichapishwa mwaka 2020 na makundi mawili, yote kwa hadubini ya elektroni ya baridi kali, na ikaonekana kuwa MotA tano zinazoizunguka jozi ya MotB. Watu walikuwa wamebishana juu ya idadi hiyo kwa muda mrefu, na fuwele za vipande zisingeweza kumaliza ubishi huo. Mwaka 2024 pete ya FliG, FliM na FliN ilionekana yote kwa njia hiyohiyo katika hali zake mbili, ya kuzunguka kulia na ya kuzunguka kushoto, na ikaonekana jinsi sehemu ya mwisho ya FliG inavyogeuka ili stata iiguse upande mwingine. Kwa vitu vikubwa, vyenye kunyumbuka, vyenye vijenzi vingi, hadubini imeshinda, na singemshauri mtu aanze leo kukuza fuwele za pete nzima.

Kwa vitu vidogo mizani inageuka. Chembe iliyo chini ya kilodaltoni 50 hivi haionekani vizuri kwa hadubini hiyo, kwa kuwa taswira yake hufifia kwenye barafu. FliN ina takriban kilodaltoni 14, CheY vivyo hivyo, FliG moja takriban 37, na sehemu ya mwisho ya MotB iko katika kundi hilohilo. Hapa fuwele bado ndiyo njia ya kwanza, hasa kama unataka kujua molekuli ndogo inakaa vipi ndani ya protini: fuwele zilizokwisha kuboreshwa zinaweza kulowekwa katika mamia ya kemikali, moja baada ya nyingine, na kila moja ikapimwa kwa dakika chache kwenye sinkrotroni. Zikibaki ndogo mno kwa eksirei, zenye unene usiozidi nusu ya mikromita, bado zinaweza kupimwa kwa mtawanyo wa elektroni, njia iliyoonyeshwa na kundi la Tamir Gonen mwaka 2013.

AlphaFold nayo imebadilisha sehemu moja ya kazi. Zamani fuwele ya kipande kisichofanana na kingine kinachojulikana ilihitaji protini iliyotengenezwa upya kwa selenomethionini (asidi amino yenye seleniamu) ili fezi za mawimbi, ambazo kipimo cha eksirei hakizionyeshi moja kwa moja, zipatikane, na maandalizi hayo yalikuwa kazi ya pili sawa na ya kwanza. Siku hizi mara nyingi ubashiri wenyewe hutumika kama kielelezo cha kuanzia na fezi hupatikana bila selenomethionini, mradi ubashiri ukatwe kwenye viungo vinavyonyumbuka na kila domeni, yaani kila sehemu iliyojikunja kivyake, itafutwe peke yake. Kwa FliG, yenye misokoto inayogeuka hivi katika fuwele moja na vile katika nyingine, kutafuta molekuli nzima kwa mkupuo hushindwa hata pale ambapo kila domeni imebashiriwa sawasawa.